Kubwa kwa Ndani

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Motors ilikuwa na katazo: gari la ukubwa wa kati lisifungwe injini inayozidi lita 5.4. Pale Pontiac, kitengo chake kimojawapo, wahandisi Bill Collins na Russ Gee, pamoja na bosi wao John DeLorean, walijua kwamba injini yao ya lita 6.4 kwa nje inalingana na ile ndogo iliyokuwa ikifungwa kwenye gari lao la ukubwa wa kati, Tempest. Wakaiuza kama nyongeza ya hiari, katazo likapigwa chenga, ikazaliwa GTO ya 1964. Kwa hiyo anayebadili injini za magari ya namna hiyo leo anaendeleza ujanja uleule ulioyazaa.

Fundi ninayemsifu huanza na tepu ya kupimia. Chukua Mustang ya 1965. Injini ya kisasa ya Ford, Coyote ya lita 5.0, ni tamu, lakini vichwa vyake vimebeba kamshafti nne na vimetanuka mno. Ukitaka iingie, minara ya shokapu lazima ikatwe na mfumo mzima wa mbele ujengwe upya. Wapo wanaofanya hivyo, na kazi yao hupendeza. Mimi naona wamejenga gari jingine.

Mwenzao huishusha V8 ya lita 4.7 iliyomo, akatafuta bloku ya mdogo wake wa lita 4.9. Kwa nje utazitofautisha kwa shida. Kipenyo cha silinda ni kilekile. Kilichoongezeka ni mwendo wa pistoni, kutoka milimita 72.9 hadi 76.2. Akitia krenki ya milimita 86.4 na kuzitanua silinda kidogo, anapata karibu lita 5.7 chini ya boneti ileile. Hapo namvulia kofia. Mitego haikosi: flaiwili za injini hizo za miaka ya 1980 zilisawazishwa kwa uzito tofauti na za 1965, na ukizichanganya, injini itatetemeka hadi ijiue. Bloku ya kawaida nayo, ikikamuliwa kupita nguvu za farasi 500 hivi, iko hatarini kupasuka katikati. Mwenye busara hutosheka na chini ya hapo, akalala usingizi wake.

Halafu kuna kazi isiyopigiwa makofi. Mustang ya silinda sita ilitoka kiwandani na nati nne kwa kila gurudumu. Ya V8, tano. Difu ya ile ya silinda sita ni nyepesi, rejeta ndogo, breki dhaifu. Ukiipa V8, vyote hivyo vinadai haki yao. Mteja hunung'unika akiona hesabu (nani hufungua boneti awaonyeshe marafiki rejeta?), lakini fundi asiyemwambia ukweli huo mapema si wa kupewa ufunguo.

Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu mwaka huu, injini isubiri. Nunua breki za diski za mbele.