Hadithi ya donge la unga haitoshi



Kila akitokea mtu kueleza vipi seli inajua ukubwa wa viungo vyake vidogo, huleta hadithi ya unga: donge ni moja, ukikata maandazi mengi yatakuwa madogo. Hadithi tamu, na kwa viungo vingine ina ukweli wake. Lakini kwa mikia ya Klamidomonasi haisimami.

Huu ni mwani wa seli moja wenye mikia miwili (iko mbele, jamani, lakini tuiite mikia hivyo hivyo), kila mmoja mikromita 10 hadi 12. Mwaka 1969 Joel Rosenbaum na wenzake walikata mmoja. Ule mzima ukaanza kufupika, uliokatwa ukaota, ikalingana, kisha ikarefuka pamoja mpaka kipimo cha zamani. Watu wa unga hapa hushangilia. Wangoje kidogo. Ukikata yote miwili na kuizuia seli isitengeneze protini mpya, bado huota mpaka kama nusu. Kumbe ghalani mna akiba. Tena mwaka 1982 Kuchka na Jarvik walitazama mwani uliobadilika, wenye idadi tofauti ya mikia kwa kila seli. Mikia ilipozidi, urefu ulipungua kidogo tu. Maandazi gani hayo?

Mwaka 2001 Marshall na Rosenbaum walileta hoja bora zaidi. Ncha ya mkia hubomoka muda wote kwa kasi ile ile, na matofali hupelekwa na wachukuzi wasioongezeka idadi. Mkia ukirefuka, safari nayo inarefuka, mzigo unachelewa. Ujenzi ukilingana na ubomoaji, mkia unatulia. Hakuna rula, hakuna msimamizi. Naipenda hoja hii. Ila ilichukulia kuwa mzigo wa kila mchukuzi ni ule ule, na mwaka 2015 ilionekana kwamba mkia unapoota wachukuzi hubeba tubulini nyingi kuliko ukishatimia. Sasa nani anamwambia mpakiaji kule chini kuwa mkia bado mfupi? Basi kipimo kipo mahali, na hoja ya 2001 ilisema hakihitajiki.

Wala si mchezo wa maabara tu. Mwaka 2000 ilibainika kuwa protini mojawapo ya uchukuzi huo ikiharibika kwa panya, vijinywele vya seli za figo hubaki vifupi, na figo zenyewe hujaa vifuko vya maji. Wenzetu madaktari wa figo mnasemaje?