Amina ya Jirani

Amina hazilingani. Iko ile ya harusini, inayoitikiwa upesi kwa kuwa sufuria ya pilau imeshafunuliwa na harufu imefika hadi viti vya nyuma. Iko ya kesha, saa tisa usiku, inayotoka kwa watu waliosinzia nusu na kumfuata mwombaji kwa mbali. Iko ya kushurutishwa, ambapo mwenye maiki husema hajaisikia, tena hajaisikia, mpaka watu wapige kelele ili yaishe. Na iko ile isiyotoka kabisa. Hiyo niliishuhudia katika kanisa la mabati upande wa Bahati, kaskazini mwa mji wa Nakuru, mapema mwaka 2008.

Waliokuwa Bonde la Ufa siku zile hawahitaji kusimuliwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa, na mwishoni mwa Januari moto ukafika Nakuru na Naivasha. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka mji wa mahema. Jumapili moja mzee aliyepangiwa maombi alisimama, akafumba macho, akamsihi Mungu awalipe adui zetu kama walivyotutenda. Hakutaja kabila la mtu. Upande mmoja wa kanisa uliitikia kwa kishindo. Upande wa pili, walipoketi Wakalenjin wachache waliokuwa wangali wanathubutu kuja, watu walifumbua macho wakatazama sakafu ya saruji. Sikumlaumu mzee yule, na leo simlaumu. Duka lake lilikuwa majivu. Lakini silabi moja, hiyo "tu" ya "walivyotutenda", ilikuwa imejenga ukuta katikati ya viti.

Ndipo akasimama mama mmoja ambaye hakuwa kwenye ratiba. Watoto wa Kikuyu walimwita Shosho, wale wa Kikalenjin wakamwita Kogo, naye aliitikia kote kuwili. Alimweleza Mungu habari za ng'ombe aliyeibwa boma fulani, ghala la mahindi lililoungua boma jingine, kijana ambaye hajarudi nyumbani tangu Ijumaa, na kijana mwingine ambaye amerudi lakini hali na halali kwa sababu ya alichokifanya. Kila nyumba ilisikia msiba wake ukitajwa kwa sauti ileile. Kisha akasema, "Utusamehe." Sidhani alimaliza dakika mbili. Amina ikatoka pande zote, ya chini, kama watu wanaosafisha koo.

Tangu siku hiyo nauona uongozaji wa maombi kuwa ufundi, kama useremala ulivyo ufundi. Najua wapo watakaonuna. Kwao maombi ni kazi ya Roho, na mwenye kujifunza kuomba ni mnafiki anayekariri. Nawaelekeza kwenye Luka 11. Wanafunzi wa Yesu walikuwa Wayahudi waliokulia kwenye zaburi. Kuomba hakukuwa kugeni kwao. Hata hivyo walipomwona Bwana wao akiinuka kutoka kuomba, mmoja alimwomba awafundishe, kama Yohana alivyowafundisha wanafunzi wake. Mtu huomba kufundishwa jambo ambalo ameshagundua kwamba analifanya vibaya. Na mfano waliopewa ni mfupi ajabu: hata ukiukariri taratibu, nusu dakika haiishi.

Tena hauna "mimi". Sisi tunaoomba kwa Kiswahili tuna bahati ya kuliona jambo hili waziwazi, maana lugha yetu humweka mtu ndani ya kitenzi chenyewe. Ni Baba yetu. Utupe, utusamehe, usitutie, utuokoe. Mwenye njaa peke yake hawezi kuisali sala hiyo bila kumtafutia jirani mkate. Wimbo wetu wa taifa, tulioupata mwaka 1963 kwa tuni ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, nao huanza kwa ombi la wingi, ijapokuwa wanafunzi gwarideni huuimba macho wazi na wala hawajui kwamba wanasali.

Kuna kingine ndani ya lugha. Kuomba ni kutaka upewe. Hata fukara wa barabarani huomba. Ongeza kiungo kidogo inakuwa kuombea, na mara umembeba mtu mwingine. Ongeza tena inakuwa kuombeana, na hapo hakuna aliye mteja wala mganga. Yakobo anapofunga waraka wake huagiza kuombeana huko pamoja na kuungamiana dhambi, katika sentensi moja. Nadhani makanisa mengi ya Bonde la Ufa yameganda kwenye kuombea: yuko mtumishi mbele mwenye mafuta na kitambaa, nasi kwenye foleni. Kuombeana kunahitaji mtumishi naye apige foleni.

Kipimo cha ufundi huu amekitoa Paulo. Akiwaandikia Wakorintho, katika ile sura ya 14 ambayo watu huifungua ili kugombana kuhusu kunena kwa lugha, anauliza swali la kawaida kabisa: mtu asiyeelewa usemalo ataitikiaje amina? Hakuuliza kama maombi yalikuwa motomoto. Alimtazama yule aliyekaa pembeni, mgeni, akataka kujua kama amepewa kitu cha kuitikia. Katika Nakuru, mji uliokuzwa na reli ukapokea kila kabila la nchi hii, yule wa pembeni hakosekani. Nenda Kaptembwo, nenda Rhonda, nenda hata ule mtaa wetu uitwao London: kwenye benchi moja utakuta Mkisii, Mluhya, Mjaluo, Mkikuyu na Mkalenjin. Kila mmoja ana lugha ya mama ambayo machozi hutoka nayo kwa urahisi zaidi. Wanapoamua kuomba kwa Kiswahili wanaacha utamu fulani ili mwenzao asibaki mlangoni.

Shosho alikuwa na daftari. Lilikuwa la hesabu, la miraba, alilorithi kwa mjukuu aliyeandika kurasa tatu akahamia shule nyingine. Jumanne alipanda matatu hadi mjini, akapita hospitali kuu ambayo wakongwe bado wanaiita kwa jina la zamani, PGH, akauliza majina. Akirudi alipita kwa wenye karo, kwa waliopanda viazi mvua ikawakimbia, kwa mjane mwenye kesi ya shamba. Kulikuwa na ukurasa aliokuwa akiukunja ili mtu asisome: waliokosana. Jumatano jioni, kwenye kikundi cha maombi, alifungua daftari hilo na kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Niliwahi kumwambia kwamba Mungu anawajua wagonjwa wote, kuna haja gani ya nauli? Akanijibu, "Mungu anawajua, kijana wangu. Wewe ndiye huwajui."

Alikuwa mkali kwa mambo mawili. La kwanza ni kuhubiri huku umefumba macho: mtu anajifanya anamwambia Mungu, kumbe anamsema mwenyekiti wa kamati. La pili ni kumwaga siri. Binti ameacha shule, na mwombaji anaeleza sababu zote, na mtaa anaoishi kijana mhusika. "Usimpelekee Mungu udaku," alisema, na waliokuwa na tabia hiyo walijua wamesemwa. Katika mengine alikuwa mpole. Akipewa kijana anayetetemeka aongoze, alimwambia ataje watu watatu tu kisha akae.

Alimpenda sana Hana wa kitabu cha kwanza cha Samweli, yule aliyeomba midomo ikicheza na sauti isisikike, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Nadhani kilichomfurahisha ni kwamba mwenye kazi ya dini ndiye aliyekosea. Alimpenda pia Nehemia, ambaye mfalme alimuuliza swali naye, kabla ya kujibu, akamwomba Mungu wa mbinguni hapohapo. Biblia haituambii hata alisema nini. Lakini Nehemia huyohuyo alikuwa amelia na kufunga siku kadhaa sura moja kabla. Ufupi wake ulikuwa na akiba nyuma yake.

Hapa niseme neno kuhusu spika. Serikali ilitoa kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2009, na mamlaka ya mazingira, NEMA, hulaumiwa kila inapogusa kanisa, kana kwamba Farao amefufuka. Mimi niko upande wa mtoto mchanga wa nyumba ya pili. Kanisa linalowaombea majirani huku likiwanyima usingizi lina kazi mbili zinazopingana.

Wengine huenda mbali na kelele zote. Ukipanda Menengai, juu ya mji, utakutana nao: watu wamekaa katika mapango na vichaka vya kingo za kreta, wengine kwa siku kadhaa, wakifunga na kuomba, chini yao shimo la upana wa kilomita 12 hivi linalotoa mvuke. Siwacheki. Yesu mwenyewe alitafuta mlima. Ninachouliza ni nani anayejua kwamba wako huko, na nani atawaletea uji. Mfungo wa mtu aliyekatwa na watu ni hatari, na Wakenya tulilijua hilo kwa gharama mbaya mwaka 2023, msitu wa Shakahola huko Kilifi ulipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba njaa ni njia ya kumwona Mwokozi. Kanisa lenye afya humuuliza anayefunga: umekunywa maji? Unarudi lini?

Kuhusu afya hiyo, Matendo ya Mitume 6 ni sura iliyoandikwa kana kwamba mwandishi alipita Bahati. Wajane wa kundi moja la lugha, la Kiyunani, wanarukwa katika mgao wa chakula, na manung'uniko yanaanza. Mitume hawakuitisha kesha la kuyakemea manung'uniko. Waliwaambia watu wachague saba wa kuisimamia kazi ile, na majina yote saba yaliyoorodheshwa ni ya Kiyunani. Ghala lilikabidhiwa mikononi mwa waliolalamika. Kisha ndipo wakaomba na kuwawekea mikono. Mahindi na maharagwe ya msaada yalipoletwa kwetu mwaka 2008, Shosho alisimama tena akataka wagawaji wawe mama wawili wa upande ule ulionyamaza. Mabishano yalikuwepo, marefu, na mengine sitayaandika. Wagawaji wakawa wao.

Februari ya mwaka huohuo viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande na kwa hiyo sauti yao haikuwa na nguvu. Ungamo lile lilichelewa. Hata hivyo ninalihesabu kuwa miongoni mwa maombi bora yaliyowahi kutolewa na makanisa ya nchi hii, kwa kuwa "tu" yake ilianzia kwa msemaji. Wazee wa uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliotoka Rwanda ukaingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, walikuwa na desturi hiyohiyo ya kuanza na dhambi yako kabla ya kugusa ya mwenzako. Iliwafanya wawe wagumu kuishi nao, kusema kweli, lakini wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia kubeba bunduki ya mkoloni.

Kila Oktoba Wakatoliki hujaa Subukia, kwenye hekalu lao la kitaifa la Mama Maria, kwa siku ya kuliombea taifa. Nimewahi kwenda, ingawa si dhehebu langu. Kinachonipendeza ni sala za waumini: mmoja anasoma nia, umati unajibu kwa pamoja, mwingine anakuja na nia nyingine. Imeandikwa, imepangwa, na hakuna anayepata nafasi ya kumsema mwenyekiti. Sisi wa maombi ya papo kwa papo tungeweza kuazima karatasi hiyo bila kupoteza wokovu wetu.

Shosho hasikii vizuri siku hizi na magoti yamemkataza matatu. Daftari, ambalo sasa ni la nne, analo kijana wa boda boda, kwa sababu ana pikipiki na hufika wodini upesi kuliko sisi wote. Ukurasa uliokunjwa bado umekunjwa. Tunapokezana kuongoza, zamu yangu ni Jumatano ya pili ya mwezi. Tunaanza saa kumi na moja jioni, na mvua ikianza kupiga mabati hakuna anayemsikia mwenzake, basi tunasogeza viti vya mbele vikaribiane.