Makala ya Dynamo: tunasoma sifa, tunaruka bei

Leo nataka tuongelee makala moja ya utafiti ambayo batu wengi wanaitaja na wachache wameisoma mpaka mwisho. Inaitwa Dynamo. Giuseppe DeCandia na wenzake wa Amazon waliitoa mwaka 2007. Pamoja na ile ya Google juu ya Bigtable, ya 2006, njo ilifungua njia ya hizi hifadhidata zisizo za majedwali tunaziita NoSQL. Avinash Lakshman, mmoja wa walioiandika, alienda kisha Facebook, akatengeneza Cassandra pamoja na Prashant Malik.

Mimi ni mtu wa agronomi, sikusomea kompyuta. Lakini data za mashamba zinapita mikononi mwetu, na wadogo zetu wananiletea memwari zao nisome. Kila mara ni kichwa kilekile: NoSQL na data kubwa za kilimo. Na kila mara Dynamo iko kwenye ukurasa wa tatu, imesifiwa kwa mistari miwili, basi.

Mimi pia naisifu. Makala inaanza na shida ya kweli: kikapu cha mnunuzi. Amazon walitaka mteja aweze kuongeza kitu kwenye kikapu hata kama diski zinaharibika, rezo inakatika, au kimbunga kimebomoa kituo kizima cha mashine. Kwa hiyo kila data inawekwa nakala kwenye mashine kadhaa. Mpangilio wa kawaida ni nakala 3, na kuandika kunahesabika kumefaulu mashine 2 zikisha kujibu. Rezo ikikatika, kila upande unaendelea kupokea. Ikirudi, nakala zinalinganishwa na kuunganishwa.

Waandishi hawafichi wanachopoteza. Wanasema wazi kwamba kitu ambacho mteja alikitoa kwenye kikapu kinaweza kurudi chenyewe. Wanatoa na hesabu: kwa masaa 24, maombi 99,94% yaliona toleo moja tu la kikapu. Huo njo uaminifu ninaoutafuta kwenye utafiti.

Sasa nakuja kwenye lawama yangu. Makala inapima kosa kwa macho ya duka. Kitu kikirudi kwenye kikapu, mteja anakiona, anakitoa tena, mambo yameisha. Yule anayeumia njo yule anayeshika skrini. Na kazi ya kuunganisha nakala zinazopingana inaachiwa programu. Huko Amazon kuna timu nzima ya kuandika hiyo programu. Kwetu ni kijana mmoja wa staji, mwenye ordinatere ya kuazima.

Tuchukue mfano wa kwetu: orodha ya wakulima wanaopokea mbegu za maharagi. Waanketere wawili wako kwenye vijiji viwili, hakuna rezo, kila mmoja anaandika kwenye telefone yake. Wa kwanza anafuta jina la mama ambaye alikwisha kupokea. Wa pili, ambaye bado ana orodha ya zamani, anaongeza jina la jirani. Jioni wanapanda mahali penye rezo, orodha mbili zinakutana. Programu ikisema “weka yote”, lile jina lililofutwa linarudi. Siku ya kugawa, mama yule anapata mara mbili, na mwisho wa mustari kuna mtu anarudi nyumbani mikono mitupu. Huyo hakuona skrini hata siku moja. Hana kitufe cha kurekebisha kosa.

Kuna dawa ingine inayopendwa: aliyeandika mwisho njo anashinda. Makala inaitaja pia. Lakini hapo saa ya telefone inakuwa hakimu. Na sisi wote tunajua telefone iliyozimika batri, ikawaka na tarehe ya miaka ya nyuma. Mpimaji wa kahawa akiandika kilo 48 kwenye telefone ya namna hiyo, kilo za zamani zitashinda kilo mpya, kimyakimya. Mkulima atalipwa kwa namba ya kale, na hakuna mahali patakapoonyesha kosa.

Shida ya pili sio ya makala, ni ya sisi wasomaji: neno “kubwa”. Tupige hesabu. Kaya 10.000, maswali 100 kwa kila kaya, baiti 20 kwa kila jibu: ni MB 20. Inaingia kwenye fulashi ya bei ya chini kabisa, na nafasi inabaki ya kuweka nyimbo. Kwa data kama hiyo, hifadhidata ya majedwali inatosha sana, na inakupa sheria ya kukataa jina moja kuandikwa mara mbili.

Ukitaka kubwa ya kweli, angalia picha za setilaiti. Picha moja ya Sentinel-2 inafunika kilomita 100 kwa 100, na ni karibu MB 600. Inchi yetu ni kilomita za mraba karibu 2.345.000, maana yake picha zisizopungua 235 kila mzunguko. Setilaiti mbili zinarudi kila siku 5, mara 73 kwa mwaka. Hapo tunapita terabaiti 10. Lakini hata picha hizo kwa kawaida zinatunzwa kama mafaili, na orodha yake inaweza kukaa vizuri ndani ya jedwali la kawaida.

Tena, utafiti haukusimama 2007. Mwaka 2012 Google walitoa makala ya Spanner, inayorudisha miamala kamili na lugha ya aina ya SQL, juu watengeneza programu wao walikuwa wanalalamika kwamba Bigtable inawapa shida pale data inapotaka kukubaliana. Mwaka huohuo Eric Brewer, mwenye ile nadharia ya CAP ya 2000, aliandika kwamba ule msemo wa “chagua viwili kati ya vitatu” unapotosha. Memwari inayotaja CAP bila kufika hapo imesoma nusu ya habari.

Na vita ya NoSQL na SQL, tunapigania nini? KoboToolbox, ile tunayobeba kwenye ankete, inatumia MongoDB na PostgreSQL pamoja. Kila moja ina kazi yake.

Kwa hiyo someni Dynamo, ni makala nzuri. Lakini musome kipande cha nakala zinazopingana kabla ya kile cha mwendo. Na mutakapoandika memwari, muweke ukurasa mmoja wa kujibu haya: telefone mbili zikipingana juu ya kilo za mkulima mmoja, nani anaamua, na mkulima atajuaje? Bila ukurasa huo, mimi nitaona kazi imeeleza mashine paka, wakulima wamebaki inje.