*Poaa* ya Bamba Pana: Mapigo ya Mtaani Yasikilizwapo Nyumbani

Albamu iitwayo *Poaa*, kazi ya Bamba Pana iliyotolewa mwaka 2018 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, yastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha sawa na wapenzi wa muziki. Muziki wake ni singeli, uliozaliwa katika vigodoro, yaani sherehe za mitaani za usiku kucha, Dar es Salaam. Fundi huchukua kipande kifupi cha taarab, hukizungusha bila kukoma, na kukiharakisha hata mapigo yakapita 200 kwa dakika, pengine yakakaribia 300. Juu ya mapigo hayo mwimbaji hughani maneno yake, naye ndiye atazamiwaye na watu.

Basi jambo la kwanza limshangazalo msikilizaji ni kwamba katika sehemu kubwa ya albamu hii mwimbaji hayupo. Makaveli asikika mahali pachache tu. Kwingineko mapigo yameachwa peke yake. Hapo ndipo lilipo swali kubwa: je, singeli isiyo na maneno ni singeli bado, au imekuwa tekno tu, kama wasikilizaji wa Ulaya wapendavyo kuiita?

Yafaa kukumbuka kwamba huko Ulaya nako tekno ilipata kuhamishwa kutoka ukumbini kuingia nyumbani. Mwaka 1992 kampuni ya Warp ya Sheffield, Uingereza, ilitoa mkusanyo *Artificial Intelligence*, ambao jalada lake laonyesha kiumbe cha mashine kikipumzika katika kiti cha sebuleni. Maana yake ilikuwa wazi: muziki huu ni wa kuketi na kusikiliza. Lakini nyumba iliyokusudiwa pale ni nyumba yenye mlango uliofungwa. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina ukumbi mmoja na vyumba huku na huku, na ua wa wote nyuma. Redio ya mpangaji mmoja ni redio ya wapangaji wote. Hata leo, ambapo maghorofa yamechukua mahali pa nyingi za nyumba hizo, sauti za maduka ya vinasa sauti na simu hupanda madirishani tangu asubuhi. Kusikiliza nyumbani, kwa mkazi wa huko, si kujitenga na mtaa. Kwa hiyo albamu hii haikupunguza mwendo ili iingie nyumbani, wala haikuwa na haja ya kufanya hivyo.

Hata hivyo jina lake ni *Poaa*. Kitenzi *poa* ni kupungua joto, na kwa kitu kinachowaka au mtu mwenye hasira ni kutulia. Katika usemi wa mjini neno hili limekuwa kivumishi kisichopokea upatanisho: husemwa *kitu poa* na *mambo poa*, kama isemwavyo *safi* na *bora*. Irabu ya mwisho iliyorudufiwa yaonyesha sauti ivutwayo na msemaji aliyeridhika. Kuupa muziki wa kasi hivi jina la kupoa si mzaha mtupu. Asikilizaye kwa utulivu hutambua kwamba chini ya mapigo ya haraka mna mwendo mwingine wa polepole, nao ndio mwili ufuatao. Mwenye kuchoka ni yule anayejaribu kuhesabu kila pigo. Jina la kipande *Biti Three* nalo lafundisha: nomino imetoholewa, namba imeachwa katika Kiingereza, lakini mpango wa maneno, nomino mbele na idadi nyuma, ni wa Kiswahili. Muziki wenyewe umejengwa vivyo hivyo, vifaa vya kigeni katika sarufi ya nyumbani.

Kasoro hazikosekani. Vipande vingine hukatika ghafula kama uzi. Sauti za kinanda ni nyembamba, na zikirudiwa mno huchosha sikio; na asiyezoea aweza kusema kwamba vipande vyote ni kimoja. Kasoro kubwa kuliko hizo si ya fundi. Albamu ikisafiri bila mwimbaji, msikilizaji wa mbali hupokea kasi asipokee kauli, akadhani kwamba watu wa Mburahati na Manzese wana mapigo tu, hawana la kusema. Kumbe kughani kwa singeli kumejaa mafumbo, majigambo na misemo mipya ambayo kamusi hazijaipokea.

Kwa hiyo *Poaa* ni kazi njema, na yadhihirisha kwamba mapigo haya yaweza kusimama yenyewe. Lakini haitoshi kuwa shahidi pekee wa singeli. Mapigo yamekwisha kuhifadhiwa Kampala. Maneno yangali yakipotea kila alfajiri vigodoro vikivunjika, na kuyakusanya ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kabla ya mtu mwingine yeyote.