Istilahi za Mgawanyo wa Mali Baada ya Talaka: Uhakiki

Mabadiliko ya sheria yaliyopitishwa nchini Tanzania mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza hakikuondolewa kabisa. Kwa sababu hiyo wafasiri wameongezewa mzigo, na baadhi ya istilahi zilizozoeleka hazina budi kupimwa upya. Katika makala hii tunakusudia kuzichungua chache zinazohusu mgawanyo wa mali na madeni ndoa inapovunjwa. Msingi wetu ni kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

(a) Kugawana na kugawanya

Yafaa ifahamike kwamba kifungu hicho huipa mahakama uwezo wa kuamuru mali igawanywe, au iuzwe na fedha zake zigawanywe. Mtendaji ni mahakama. Kitenzi "kugawana" kina kiambishi cha kutendana, na maana yake ni kwamba wahusika wenyewe hupeana mafungu kwa mapatano yao. Kwa hiyo, mfasiri aandikapo "wahusika watagawana mali" ameiondoa mahakama katika sentensi, na kumwachia mwenye nguvu nafasi ya kushika akitakacho. Sahihi ni "mahakama itagawanya mali baina ya wahusika". "Kugawana" kubaki kwa mapatano ya hiari.

(b) Mali ya ndoa

Istilahi hii ni fupi na imeenea, lakini haina mipaka. Msikilizaji aweza kudhani kuwa inajumuisha mahari, zawadi za arusi, na hata shamba alilokuwa nalo mume kabla ya kuoa. Sheria haisemi hivyo. Inazungumzia mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Mali ya kabla ya ndoa huingia tu ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi mwingine au na wote wawili. Tunapendekeza "chumo la pamoja". Wapo watakaosema kuwa "chumo" ni neno la shambani. Tunawakumbusha kwamba "uchumi", neno linalotumika katika wizara na benki, limetoka katika kitenzi hicho hicho cha kuchuma.

(c) Mchango

Hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi. Sheria inaagiza uangaliwe mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi. Lakini kwa wananchi walio wengi mchango ni fedha: mchango wa arusi, mchango wa msiba, mchango wa shule. Mwanamke akiulizwa barazani, "Ulichangia nini katika nyumba hii?", hujibu kwa unyofu, "Sikuchangia kitu." Kumbe kwa miaka mingi amepika, amelea, ameteka maji na kulima.

Ubishi huu ulifikishwa mbele ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa mwaka 1983. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni sehemu ya juhudi na mchango unaotajwa na sheria. Nchini Kenya, sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 imetaja waziwazi kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shamba. Sheria imekwisha kupanuka. Neno linalotumika barazani bado ni finyu. Kwa hiyo basi, "mchango" lisiandikwe peke yake, bali "mchango wa fedha, mali au kazi", kila mara na kwa ukamilifu. Aidha, karani anayeandika "hana kazi" mbele ya jina la mke amekwisha kumpunguzia haki kabla shauri halijasikilizwa.

(d) Deni la ndoa

Istilahi hii imeundwa kwa kufuata mfano wa "mali ya ndoa", lakini ina hatari yake. Katika jamii nyingi deni la ndoa ni mahari ambayo haijamalizwa kulipwa. Sheria inakusudia deni lililochukuliwa na mmoja wa wahusika kwa manufaa ya wote wawili, kama vile mkopo wa kujengea nyumba ya familia. Deni la starehe ya mtu mmoja halimo. Na iandikwe "deni la manufaa ya pamoja".

(e) Nusu kwa nusu

Kifungu kinaitaka mahakama, baada ya kuzingatia mila, michango, madeni na mahitaji ya watoto wadogo, ielekee kwenye usawa. Kuelekea si kufika. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya nayo ilieleza kwamba usawa wa wanandoa katika katiba ya nchi hiyo haumaanishi nusu kwa nusu katika kila shauri. Mwalimu au mfasiri anayetumia "nusu kwa nusu" humwahidi mtu jambo ambalo sheria haikumwahidi.

Istilahi za sheria hazipimwi kwa ufupi wake tu, bali kwa namna zinavyosikika masikioni mwa yule ambaye haki yake inaamuliwa. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa mahakama wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao, na kuzisahihisha pale zitakapoonekana kupungukiwa.