Sifa za Fundi Asiye na Haraka

Kwenye jengo moja la vifaa vya kompyuta karibu na stesheni ya Gangding, wilaya ya Tianhe, hapa Guangzhou, yupo fundi mtu mzima ambaye kazi yake haianzi na bisibisi. Huanza na maswali. Wateja humwita shifu, kama Wachina wanavyomwita kila mwenye ufundi mkononi, na kibanda chake kinatosha meza moja, viti viwili vya plastiki na buli la chai. Vibanda vya kushoto na kulia kwake vimeteremshwa milango. Zamani mitaa hii ya Gangding na Shipai ilijaa watu mpaka njia ya kupita ikawa ya kugombea: huku unachagua prosesa, kule unapimiwa ramu, mbele unapata kasha na feni, jioni unarudi nyumbani na mashine uliyoiunga mwenyewe. Leo watu wanaagiza kwa simu, kifurushi kinafika mlangoni, na jengo limebaki na mwangwi.

Nilimfahamu fundi huyu kupitia kijana wa Dar es Salaam anayesoma katika chuo kikuu kimoja cha jirani. Kijana aliunga kompyuta yake chumbani, kwa fedha alizojinyima muda mrefu, na siku ya kuiwasha kioo kikabaki cheusi. "Shikamoo mzee," aliniambia kwenye simu, sauti imekauka. "Imekufa. Pesa yote imekwenda." Tulikwenda pamoja, yeye kaikumbatia mashine mbele ya kifua.

Shifu hakuigusa. Aliuliza kama feni zinazunguka, na kama zinazunguka moja kwa moja au zinakata na kuanza upya. Aliuliza taa ipi inawaka kwenye mazabodi, waya wa kioo umechomekwa wapi, na ramu ni za aina gani na ni ngapi. Mwisho aliuliza swali ambalo sikulitarajia: kila ulipoiwasha, ulisubiri muda gani kabla ya kuizima? Kijana akajibu kwamba nusu dakika, pengine dakika moja.

Wengi wetu mashine isipoonyesha picha tunaitangazia msiba. Fundi anajua kuwa kimya kina sura nyingi. Isiyopokea umeme kabisa ina maelezo yake. Inayozungusha feni mara moja kisha ikakata ina mengine. Inayonguruma vizuri huku kioo kikiwa cheusi ni habari nyingine kabisa, na mara nyingi mwenye kompyuta kasahau tu kuchomeka ule waya mdogo wa pini nane ulio karibu na prosesa, au kachomeka kioo kwenye mazabodi wakati kadi ya picha iko chini yake inamsubiri. Ufundi wote uko katika kutenganisha kimya kimoja na kingine.

Aliitoa mazabodi kwenye kasha, akailaza juu ya boksi lake la karatasi ngumu, ili chuma cha kasha kisipate nafasi ya kusingiziwa wala kujificha. Alibakisha prosesa na feni yake, ramu moja, pawa saplai na waya wa kioo. Vingine vyote alivipanga pembeni kwa mstari. Kisha akagusisha ncha ya bisibisi kwenye pini mbili ndogo, zile ambazo kitufe cha kuwashia huunganishwa nazo, na feni ikaanza kuzunguka. Kioo cheusi. Kijana akanyoosha mkono kwenye swichi, na shifu akamshika kifundo cha mkono, taratibu, bila kumtazama. Kwa mkono wa pili akamimina chai.

Tukanywa. Feni inazunguka, taa ndogo ya ramu inawaka, kioo hakisemi kitu. Mzee yule alikaa mbele ya mashine kama mpishi wa pilau aliyekwisha kufunika chungu na asiyekubali mtu akifunue. Dakika zikapita, na kila moja ilimrefukia kijana. Ghafla kioo kikang'aa, maandishi yakatokea, na kijana akafunika uso kwa viganja.

Haikuwa imekufa. Ilikuwa inajifunza. Ramu za kizazi cha DDR5 hupitisha data kwa kasi kubwa kiasi kwamba mazabodi, inapowashwa mara ya kwanza, lazima ipime kila njia inayotoka kwenye prosesa kwenda kwenye ramu, ijaribu, irekebishe, ijaribu tena, mpaka ishara zifike kwa wakati mmoja. Prosesa za AMD zilizotoka mwaka 2022 zilijulikana sana kwa jambo hili: kazi hiyo huweza kuchukua dakika kadhaa, hasa ukiweka ramu nyingi, na muda wote huo kioo ni cheusi. Kila mara kijana alipokata umeme kwa hofu, mashine ililazimika kuanza somo lake tangu mwanzo.

Nimefikiri sana juu ya mkono ule uliomzuia kijana. Ndani yake zilikuwamo mashine zote zilizowahi kupita katika kibanda kile. Mtu anaweza kununua vifaa vyote vilivyokuwa mezani na asiweze kununua ujuzi wa kuacha kitu kifanye kazi yake. Na kusubiri kwa fundi si uvivu wala kubahatisha, maana alikwisha kuondoa kila kisichohitajika na kuthibitisha kila kilichobaki. Baada ya hapo ndipo alipoipa mashine muda, kwa sababu ilistahili kupewa.

Mezani kwake kuna kitu kingine ninachokipenda: kifutio cha mwanafunzi wa shule ya msingi, cheupe, kimeliwa pembe zote. Mwishoni mwa majira ya baridi Guangzhou huingiwa na hewa ya joto yenye unyevu kutoka baharini kusini. Wenyeji huyaita majira hayo huinantian. Kuta hutoka jasho, sakafu huteleza, nguo hazikauki, na madirisha hufungwa kuzuia upepo uleule ambao miezi mingine watu huutamani. Utando mwembamba usioonekana hujengeka juu ya meno ya dhahabu ya ramu za zamani, na mashine iliyofanya kazi miaka mingi huamka bubu. Shifu huchomoa ramu, huyasugua meno yake kwa kifutio kwa mwendo wa upande mmoja, hupuliza vumbi, huirudisha na kuibana mpaka vibanio viwili vilie. Mara nyingi haihitaji zaidi ya hapo.

Kifutio hicho kilinirudisha Kariakoo, Dar es Salaam. Nchi yetu iliwahi kupiga marufuku kuingiza kompyuta, mwaka 1974, na marufuku hiyo ilipokuja kulegea mashine zilitufikia nyingi zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya na Marekani. Zile za Marekani zilikuwa na swichi ndogo nyekundu mgongoni ya kuchagua volti 115 au 230, na aliyesahau kuigeuza alisikia mlipuko na kunusa moshi kabla hajaona picha. Katika umaskini huo wa vifaa walizaliwa mafundi hodari. Niliyemjua mimi alifanya kazi kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na alikuwa akizima redio kila alipowasha mashine ya mteja, kwa sababu alitaka kuisikia.

Kompyuta za wakati ule zilisema. Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, mashine ya aina hii hujikagua yenyewe kabla ya kufanya lolote, na kispika kidogo kilitoa matokeo. Mlio mmoja mfupi: salama. Mmoja mrefu na miwili mifupi, kwenye mashine nyingi: tazama kadi ya picha. Milio mirefu inayojirudia bila kukoma: mara nyingi ramu. Fundi wetu alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, akanyanyua kidole kutunyamazisha sisi vijana tuliojazana mlangoni, kisha akataja ugonjwa kabla ya kufungua skrubu hata moja. Palipokuwa na shaka alichomeka kadi ndogo yenye tarakimu mbili nyekundu, akasoma mahali ukaguzi ulipokwama. FF zikiganda pale tangu mwanzo, alijua prosesa haijaanza hata hatua ya kwanza. Alitufundisha kushuku kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na mashine ikawaka, alisema, umepata kompyuta lakini hukujua kitu.

Siku hizi mazabodi nyingi huuzwa bila kispika. Nyingine zimewekewa taa nne ndogo, na taa zenyewe hufichwa ndani ya kasha ambalo hakuna anayelifungua. Kompyuta nyingi za mapajani ramu yake imelehemewa moja kwa moja, haichomoki, wala kifutio hakiwezi kuifikia. Na sisi wenyewe tumeacha kuuliza. Kijana wa dukani akiletewa mashine yenye kioo cheusi hubofya mara mbili, hutikisa kichwa na kusema mazabodi imeungua, nunua nyingine. Mteja analipa. Mashine ya zamani inatupwa nyuma ya duka, na hakuna aliyeipa hata zile dakika chache za ukimya.

Yanakoishia mambo hayo tunakujua. Katika mkoa huuhuu wa Guangdong, upande wa Shantou, upo mji wa Guiyu ambako kwa miaka mingi mazabodi za dunia nzima zilichomwa juu ya makaa na kulowekwa kwenye tindikali ili kukamua chembe za dhahabu, na watoto wakakua wakivuta moshi wake. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na kwa hesabu za Umoja wa Mataifa chini ya robo ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa njia inayojulikana. Katika rundo hilo zimo mashine zilizokufa kweli. Zimo pia zilizokuwa zinahitaji kusuguliwa meno, kubanwa waya au kusubiriwa.

Shifu hana mwanafunzi. Alisema vijana huja kuuliza bei tu. Nami nimekaa Xiaobei, hapahapa Guangzhou, nikiwatazama ndugu zetu wa Kariakoo, wa Nairobi na wa Kampala wakifunga mizigo, wanahesabu mabunda, wanabishana na mawakala juu ya uzito na kodi. Ni watu wachapakazi na biashara yao imelisha familia nyingi. Lakini katika miaka yote hii ya kwenda na kurudi tumesafirisha makontena ya vifaa, na sijaona mfanyabiashara hata mmoja aliyemlipia kijana wake chumba Shipai akae pembeni ya meza kama ile mpaka aelewe kwa nini mzee alimshika mwenzake mkono. Vifaa tulivyovibeba vitachakaa na tutakuja kununua vingine. Mafundi wa Gangding wanazeeka, milango ya vibanda inateremshwa mmoja baada ya mwingine, na ujuzi huo haujawahi kuwa na bei kubwa kuliko tiketi ya ndege na uvumilivu wa kukaa kitako.