Kifaranga Hutazamwa Mgongoni

Wiki hizi watu wanatumiana picha ya tangi la kioo la duka moja hapa mjini Mwanza. Ndani wamo vifaranga wa furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, matumbo yamejaa, wengine wameshaanza kuwa wekundu, na sifa zinamiminika: "Hao ndio wenye afya!" Afya gani? Wote waliosifu wameangalia ubavuni, na ubavu ndio anaoupamba muuzaji.

Tumbo ni mlo mmoja. Nusu saa kabla ya mteja kufika, muuzaji anamwaga unga laini wa dagaa, na kifaranga aliyekonda wiki nzima anatuna. Furu jike hulea watoto mdomoni, na wauzaji wengine humkamua mdomo mapema, vifaranga wakiwa bado na kiini tumboni, na mteja anadhani ule ni unono.

Mgongo haupambiki. Mwambie muuzaji awachote awatie kwenye beseni jeupe, kisha inama uwatazame kwa juu. Kwenye kisogo, pale kichwa kinapoishia, mwili uwe mpana sawasawa na kichwa, ndipo upungue taratibu kuelekea mkiani. Ukiona kichwa kikubwa halafu mwili umekatika ghafla kama msumari, huyo ameonja njaa ya siku nyingi, na nyama ya kisogo hairudi kwa nusu saa wala kwa siku mbili. Ukiwa hapohapo juu, angalia vifuniko vya mashavu vifunge sawa pande zote mbili. Angalia na uti wa mgongo. Ukipinda kushoto au kulia karibu na mkia, kwenye kioo unaweza usiuone kabisa. Kwenye beseni unauona mara moja.

Mzee mmoja wa Igogo, mvuvi wa ndoana tangu ujana wake, hakuwahi kuwa na kioo nyumbani, na sijaona vifaranga waliowashinda wake. Alimwacha mama awateme mwenyewe, wiki mbili tatu zikishapita, na bado akamwacha nao siku chache, maana wakishtuka humkimbilia na kuingia tena mdomoni. Aliwalisha kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Mnunuzi akija, aliinama naye juu ya beseni. Zamani samaki wa nyumbani walipimwa hivyo, ndooni na kwenye beseni, kwa juu. Kioo kilipoingia sebuleni tukaanza kununua picha.

Kuhusu rangi sina mjadala: kifaranga wa furu wa sentimita 2 awe wa kijivu. Nyererei, furu wa Ghuba ya Mwanza aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, ana dume mwenye mgongo mwekundu na ubavu wa manjano, lakini mapambo hayo huja akikaribia kupevuka. Wekundu wa utotoni mimi nauhesabu kuwa ni homoni, ileile wanayochanganyiwa chakulani vifaranga wa sato ili wawe madume watupu. Chakula hicho kikikatwa, rangi inapauka, na mnunuzi anabaki akilaumu maji yake.

Halafu omba kuwaona wazazi. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa furu majike huchagua dume kwa rangi, na maji ya ziwa yakichafuka, rangi hazionekani vizuri na aina zinachanganyika. Tangi la maji ya kijani na taa hafifu hufanya yaleyale: nyererei anazaa na furu mwenzake, pundamilia wa bluu, na watoto wakiwa wadogo hakuna jicho litakalowatenga. Tangu sangara, mla furu, apandikizwe ziwani miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za furu zimetoweka, kwa hiyo uzao safi wa mawe ya kisiwa cha Makobe ni mali ya kulipiwa vizuri. Asiyeweza kukuonyesha baba na mama kwenye maji meupe anakuuzia chambo cha sangara. Mlipe bei ya chambo, ile ya mwaloni.